Kadi Mbili za Fundi Nassoro

Nyie mnaojifunza ufundi wa kompyuta sasa hivi, mkifungua kasha la mashine ya zamani mtakuta kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, sloti mbili ndefu zimelala sambamba. Ya juu ina kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu. Ya chini mara nyingi ni tupu, imejaa vumbi. Juzi binti wa jirani yangu, anayesomea kazi hii, aliniuliza kama hiyo ya chini ni spea. Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia.

Ile haikuwa spea. Ilikuwa ya kadi ya pili, na kulikuwa na mtu aliyeishi kwa ajili ya kadi ya pili. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mie nimeshastaafu, vidole vyangu havishiki tena skrubu ndogo, kwa hiyo kaeni niwasimulie habari zake kabla hajakosekana mtu wa kuzikumbuka.

Aliitwa Fundi Nassoro. Mtu wa Mtwara, mtoto wa mchonga vinyago. Kwao alijifunza kushika patasi kabla ya kushika kalamu, na alipokuja Dar akaanza na redio huko Temeke, akahamia televisheni, akahamia kompyuta. Nilipomfahamu alikuwa na ukumbi wa magemu Gongo la Mboto, chumba kirefu chenye mashine zimepangwa ukutani kila upande, na nyuma yake karakana ndogo yenye dirisha moja.

Mie nilikuwa karani mpiga chapa. Nilitoka Rungwe nikiwa msichana, nikafikia kwa shangazi Ukonga, nikapata kazi ofisini. Kompyuta zilipoingia wakasema mpiga chapa mmoja anatosha, na huyo mmoja hakuwa mimi. Wakanipa kompyuta mbovu badala ya kwaheri. Nikaibeba hadi kwa Fundi Nassoro. Aliifungua mbele yangu, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa hapo sista, uone kilichoiua."

Nikakaa. Naweza kusema sikuinuka tena kwenye kile kigoda mpaka nilipostaafu.

Kilichoiua kilikuwa vumbi. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na bado ni la kwanza hata leo. Vumbi la kule Gongo la Mboto ni jepesi na jekundu, linaingia kwenye feni, linashikana na unyevu wa pwani, linakuwa kama ugali mkavu. Msilipulize kwa mdomo, mate yenu yataongeza unyevu. Tumieni brashi laini ya kupaka rangi, na muishike feni kwa kidole isizunguke wakati mnaisafisha. Fundi alikuwa na brashi yake aliyoikata mwenyewe, nywele zake fupi upande mmoja na ndefu upande wa pili, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Sasa hizo kadi mbili. Gemu mnalolitazama ni picha nyingi sana zinazopita mbele ya macho kwa kasi. Kadi ndiyo inayozichora. Miaka ile kadi moja ilikuwa inachoka haraka, na mafundi wakapata njia ya kuweka mbili: ya juu inachora picha hii, ya chini inachora inayofuata, zinapokezana hivyo hivyo. Juu ya migongo yao unaweka kipande kifupi kinachoziunganisha, tulikiita daraja. Ukizipanga vizuri, gemu lililokuwa linakwama linatiririka kama maji.

Ukizipanga vibaya unapata kigugumizi. Kadi moja inawahi, nyingine inachelewa, na ingawa mashine inakuambia mwendo ni mzuri, jicho linaona picha inachechemea. Vijana wengi wa mjini walikuwa wanachomeka kadi mbili na kuita kazi imekwisha. Fundi Nassoro alikuwa anakaa mbele ya skrini mikono mapajani, anatazama tu, kisha anasema, "Ya chini inachelewa." Anafungua, anasogeza waya, anabadilisha pesti ya kupoza, anafunga. Alijua kuwa kadi ya juu hupumua hewa ya moto inayotoka kwa mwenzake wa chini, kwa hiyo ile yenye feni nzima aliiweka juu. Alichonga vipande vidogo vya mpingo na kuvipachika kati ya kadi hizo mbili ili zisilegee na kugusana. Watu walitoka Kimara, walitoka Tegeta, wakampelekea mashine zao.

Tulicheka pia, msidhani ilikuwa kazi ya kununa tu. Kuna mfanyabiashara mmoja wa mabati alitaka kadi mbili kwa sababu jirani yake alikuwa nazo. Fundi akamwekea. Kesho yake mtu huyo akarudi na kompyuta juu ya mkokoteni, nyuma yake mke, watoto na shemeji, wote wamekasirika. Mashine imekufa, haionyeshi kitu. Fundi akaizungusha, akaangalia nyuma, akachomoa waya wa skrini kutoka kadi ya chini na kuuchomeka kadi ya juu. Picha ikaja.

"Umeifanya nini?" mtu wa mabati akauliza.

"Nimempandisha ghorofani," Fundi akajibu, bila hata kutabasamu.

Familia nzima ikaangua kicheko isipokuwa mwenye mashine.

Kwenye meza ya mbele ya ukumbi ilikaa mashine ya Fundi mwenyewe, yenye kadi mbili, kasha lake jeusi lenye kioo ubavuni. Wateja waliipa jina Bwana Mkubwa. Kuicheza ilikuwa lazima usubiri zamu. Nilikuwa naona watu wazima, wenye familia zao, wanaingia pale wametoka kazini, wanasimama tu nyuma ya anayecheza, wanatazama.

Nilianza kuona mambo yanageuka siku ya Jumamosi moja ya mashindano. Gemu jipya lilikuwa limetoka na kila mtu alilingoja. Vijana kutoka Temeke walikuja na mashine yao, kasha dogo la kubeba mkononi, ndani yake kadi moja. Tukawasha zote mbili ubavu kwa ubavu. Yao ikatembea. Bwana Mkubwa akaanza kigugumizi.

Fundi akazima, akawasha tena. Akabadilisha draiva, ile programu inayoiongoza kadi. Kigugumizi kile kile. Ukumbi ulikuwa umejaa, jua limepiga bati, feni ya dari inazungusha joto. Mmoja wa vijana wa Temeke, kwa heshima kabisa, akasema, "Fundi, samahani. Jaribu kuzima moja."

"Nizime moja?"

"Ya pili. Izime tuone."

Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaizima kadi ya chini. Gemu likatulia. Likatembea vizuri kuliko lilivyotembea na zote mbili.

Hakuna aliyemcheka, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza. Yeye akakaa akitazama skrini, mkono bado uko kwenye mausi, halafu akainuka, akasema mashindano yaendelee, akaingia karakana na kurudishia mlango.

Nilimkuta amekaa. "Draiva itakuja," akaniambia. "Gemu ni jipya, hawajaliwekea utaratibu. Watatengeneza."

Kwa gemu lile draiva ilikuja kweli, baada ya muda mrefu. Kwa lililofuata haikuja. Ngoja niwaeleze sababu, maana mtaulizwa na wateja. Zamani watengeneza kadi ndio waliokuwa wanaandika utaratibu wa kila gemu, jinsi kadi mbili zitakavyogawana kazi. Baadaye mzigo huo ukaachiwa watengeneza magemu wenyewe. Nao wakaangalia wateja wao, wakaona wenye kadi mbili ni wachache, wakaona hawana haja ya kuhangaika. Tena magemu mapya yakaanza kuchora kwa namna nyingine, kila picha inaazima kitu kutoka kwa picha iliyotangulia. Sasa kama picha iliyotangulia iko kwenye kadi ya mwenzako, itabidi umsubiri akupe. Kupokezana kukawa kusubiriana. Na huku kadi moja moja zikazidi kuwa na nguvu. Hakuna mtu aliyetoka hadharani akasema kadi mbili zimekwisha. Ziliachwa tu, kidogo kidogo, kama mnavyoona watu wanavyoacha kupita njia fulani mpaka majani yanaifunika.

Fundi alizijua sababu hizi zote. Yeye ndiye aliyenieleza. Lakini kuzijua na kuzikubali ni vitu viwili, na yeye alikuwa ametumia mikono yake kwa kazi hiyo moja kwa muda mrefu mno. Mteja akija anataka kadi moja, alinisukumia mie. "Roida, mtengenezee huyu." Halafu anarudi kwa Bwana Mkubwa wake, anasoma mtandaoni habari za draiva.

Kitu kingine kilikuwa kinaendelea ambacho alikificha. Sukari ilikuwa inamla macho. Niligundua siku nilipomwona anachagua skrubu kwa kuipitisha kwenye ncha ya kidole, anaipima, anaiweka, wakati skrubu zote ziko mbele yake kwenye kisahani na mwanga wa dirisha unaziangukia.

"Fundi, nenda kliniki."

"Nikimaliza hii."

Hiyo ikiisha, ilikuja nyingine. Nilimwambia mkewe, mkewe akamwambia, naye akamjibu vile vile.

Fundi Nassoro tulimzika kule kule Gongo la Mboto, msimu wa mvua, matope yakituganda viatuni. Figo ndizo zilizomshinda mwishoni. Walikuja watu ambao sikuwatarajia, wengine wana mvi, wakijitambulisha kwa familia kwa kusema, "Alinitengenezea mashine." Lakini mie simkumbuki zaidi kwa siku hiyo. Ninachotaka mkijue ni habari ya Mwalimu Gaudensi na mwanawe.

Mwalimu Gaudensi alikuwa mtu wa Bukoba, mwalimu mstaafu, amejenga Kimara kwenye kilima, nyumba ambayo gari halifiki mlangoni. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Mwanawe Deo alizaliwa na selimundu. Alikuwa amekua, ametimiza miaka ya kuwa mwanamume, lakini maumivu yakimshika analala wiki nzima, anapelekwa hospitali, anaongezewa damu, anarudishwa. Chuo alikiacha njiani. Marafiki wake wengi walikuwa kwenye gemu, wanakutana mtandaoni, na kati yao mmoja tu, Issa, mtoto wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa anaingia chumbani kwake kwa miguu.

Wale wa mtandaoni walihamia gemu jipya. Mashine ya Deo haikuliweza. Mwalimu akatuletea mashine hiyo karakana, akauliza cha kufanya.

"Usinunue kadi moja kubwa," Fundi akamwambia. "Chukua mbili za bei ya kati. Nikiziunganisha zitaipita hiyo kubwa, na utashangaa."

Zamani ushauri huo ulikuwa mzuri, na wengi walifanya hivyo wakafurahi. Mwalimu akampigia shemeji yake aliye nje ya nchi, naye akazinunua, akampa mtu anayesafiri.

Zilipofika, Mwalimu alizileta mwenyewe, zimefungwa kwenye khanga ili zisigongane. Alikuwa amevaa shati la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Fundi akafungua boksi la kwanza, akaitoa kadi kwenye mfuko wake, akaishika kwa ukingo kama alivyotufundisha. Akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake wa juu, pale daraja linapokaa, panapokuwa na meno madogo ya dhahabu. Akapitisha tena. Akaigeuza, akajaribu upande wa pili.

"Roida."

"Naam, Fundi."

"Hebu niangalizie. Meno yake yako wapi?"

Niliichukua. Ilikuwa kadi nzuri, nyeusi, mpya kabisa, na ukingo wake ulikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hayapo, Fundi."

"Angalia ile nyingine."

Nikafungua boksi la pili. Mwalimu alikuwa anatutazama huku anatabasamu, akidhani tunashangaa uzuri.

"Na hii hayapo."

Watengenezaji walikuwa wameyaondoa. Kwa kadi za kati za toleo lile hawakuacha hata mahali pa kuziunganisha. Fundi akakaa kwenye kigoda. Angeweza kusema, niachie siku kadhaa nitafute njia. Mafundi tunaijua sana hiyo sentensi, na nyie mtaijua. Yeye hakuisema.

"Mwalimu," akasema, "hizi kadi haziungani. Nilikuambia kitu ambacho hakipo tena."

Tabasamu la Mwalimu lilichukua muda kuondoka. "Haziungani vipi? Wewe ndiye uliyesema zinaungana."

"Ndiyo. Mie ndiye niliyesema."

"Nimemwacha mtoto amekaa kitandani, amejiinua mwenyewe, anasubiri. Nimemwambia leo atacheza na wenzake. Sasa nikamwambie nini?"

"Usimwambie. Nitakuja mwenyewe kumwambia."

Mwalimu aliikunja khanga yake, akaibana kwapani, akatoka, akaziacha kadi mezani. Nilimwona amesimama kando ya barabara, magari yanampita, kama mtu aliyesahau anakoelekea.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Kimara mie na Fundi. Kile kilima alikipanda ameshika bega langu, na mara moja alikosea ngazi akapiga goti chini. Alijikung'uta, tukaendelea. Mwalimu alitufungulia mlango, akajibu salamu, akatupisha. Alibaki amesimama sebuleni, hakuingia nasi chumbani.

Deo alikuwa ameegemea mto. Issa amekaa chini ameegemea kitanda.

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu." Fundi akatafuta kiti kwa mkono, nikamsogezea. "Nimekuja kukuambia jambo. Kadi ulizoletewa ni nzima, lakini haziwezi kufanya kazi pamoja. Baba yako hana kosa. Alifuata ushauri wangu, na ushauri wangu ulikuwa umepitwa na wakati."

Deo akawaza kidogo. "Kwa hiyo hata moja haifanyi kazi?"

"Moja itafanya. Lakini picha haitakuwa nzuri kama nilivyoahidi."

"Gemu litafunguka?"

"Litafunguka. Utapunguza mipangilio."

"Basi inatosha, Fundi. Mie sijali picha. Unajua ishu yangu ni nini? Jina langu lisipowaka kule mtandaoni siku nyingi, wanajua nimekufa. Hawana pa kuuliza. Kuna mmoja alishaniandikia pumzika kwa amani, na mie nipo wodini nimetundikiwa dripu naisoma."

Issa akacheka, Deo naye akacheka. Mie sikuweza. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na hiyo nyingine je?" Deo akauliza.

"Nyingine haina kazi tena. Tutaangalia kama kuna mtu ataitaka."

"Mie hapa nimezoea kuangalia tu," Issa akasema kwa utani. "Mwenzangu ana kadi mbili, mie sina hata mashine."

Vijana walicheka tena, mazungumzo yakaendelea. Tukaaga, tukashuka kilima. Chini kabisa, tukingoja bajaji, Fundi akaniuliza, "Yule Issa anakaa na Deo kila siku?"

"Mwalimu anasema hata hospitali analala naye."

Akaitikia kwa kichwa.

Tulipofika ukumbini ilikuwa bado mchana. Watu walikuwa wanacheza. Fundi akaenda moja kwa moja hadi meza ya mbele, akamwomba aliyekuwa kwenye Bwana Mkubwa amalizie, kisha akaizima mashine, akachomoa nyaya zote nyuma kwa kupapasa, moja moja, akaipeleka karakana amekumbatia kifuani. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

Alifungua kioo cha ubavuni. Akalitoa daraja, akaliweka kando. Akaitoa kadi ya chini. Akavitoa vipande vyake vya mpingo, akavifuta vumbi, akaniwekea kiganjani. Akaitoa kadi ya juu. Ukumbini michezo ilikuwa imesimama, watu wamejaa mlangoni.

"Fundi," mmoja akasema, "unamuua Bwana Mkubwa?"

"Huyu amekufa siku nyingi," Fundi akajibu huku brashi yake inafanya kazi kwenye feni. "Sie ndio tulikuwa hatujazika."

Aliichukua mojawapo ya zile kadi mpya za Mwalimu, akaipachika kwenye sloti ya juu. Hapo nitawapa somo kwa sababu ndilo la mwisho alilonipa. Aliniambia niweke kidole kwenye kishikizo kidogo cha plastiki mwishoni mwa sloti, nisikilize mlio. "Ukisikia taki, imekaa. Usiposikia, usiwashe. Usiyaamini macho yako, macho yanaona imekaa wakati haijakaa." Kisha akaninyooshea waya wa umeme wa kadi, akasema niuvute kidogo baada ya kuuchomeka, ukitoka kirahisi haujakaa. Mnaofanya kazi leo, hamna fundi atakayewapa jambo kubwa kuliko hilo. Mashine nyingi nilizoletewa zimeungua, ziliungua kwa waya uliokaa nusu.

Ile sloti ya chini aliifunika kwa kipande cha gazeti ili vumbi lisiingie. Hakuna kitu kilichowekwa pale tena. Kadi zake mbili za zamani alizifunga kwenye mfuko na sikuziona mezani tena. Hakuwa amewahi kutengeneza mashine ya magemu yenye kadi moja kwa mikono yake tangu nimjue, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho niliyoiona.

Deo bado yupo, namshukuru Mungu. Kuna wakati yuko hospitali, kuna wakati yuko nyumbani, na siku hizi anatafsiri maandishi kwa watu huku amekaa kitandani. Issa ameoa, amejenga chumba pale pale mtaani. Nawaambia hayo mapema ili msisikilize hiki kilichobaki kwa hofu.

Tulizipeleka mashine mbili Kimara kwa pikapu ya mpwa wa Mwalimu, na kutoka gari lilipoishia, Issa alizibeba moja baada ya nyingine kichwani. Ya Deo niliiweka kadi mwenyewe. Ile iliyokuwa Bwana Mkubwa tukaiweka juu ya stuli, karibu na ukuta, na Issa akakaa mbele yake kama mtu aliyealikwa ikulu, hagusi kitu.

"Hii ni ya kwako," Fundi akamwambia. "Kadi ni ya Mwalimu, amekubali. Vilivyobaki ni vyangu, na nimekubali."

Mwalimu alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Kwa kweli alikuwa amekubali kwa kuitikia kichwa tu, mie nilipomfuata baada ya kumpigia simu. Na tangu siku ile ya karakana Fundi hakuwa amesikia neno lake zaidi ya salamu.

Nikawasha zote mbili. Feni zikaanza. Fundi akainamisha sikio kwenye moja, akahamia nyingine, akaridhika. Gemu likafunguka kwa Deo, likafunguka kwa Issa. Deo akaweka vifaa vyake vya masikioni, na dakika chache baadaye tukasikia sauti ndogo ndogo zinapiga kelele ndani yake, watu wa mbali wanaita jina lake wote kwa pamoja. Alivua vile vifaa, akafuta uso kwa shuka, akavivaa tena.

"Nipo, nipo," akawaambia. "Nimekuja na mwenzangu."

Walicheza. Mie nilikuwa namsomea Fundi joto la kadi, naye anaitikia. Halafu nikaona Deo amegeuka anamtazama Fundi, jinsi alivyokaa ameelekeza uso kwenye ukuta, kando kabisa ya skrini.

"Fundi," akasema taratibu, "huoni?"

Niliogopa atakasirika. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwuliza hivyo waziwazi.

"Naona mwanga," Fundi akajibu. "Najua skrini iko upande huo kwa sababu kuna mwanga."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

Deo akasimamisha gemu. Akawaambia wenzake wamngoje. Nyuma yangu nikasikia hatua, nikageuka. Mwalimu Gaudensi alikuwa ameingia chumbani na kiti cha sebuleni, kile chenye mto, ambacho nilijua hakikaliwi na mtu mwingine. Akakiweka karibu na kitanda, akamshika Fundi kwenye kiwiko, akamhamisha kutoka kwenye kile kiti kigumu, akamkalisha. Fundi akaushika mkono wake kidogo kabla ya kuuachia.

"Haya," Deo akasema. "Nikueleze kilichopo?"

"Nieleze."

"Mie nimesimama kwenye mwamba. Issa yuko kulia kwangu, amevaa koti jekundu, anaangalia chini kama mjinga."

"Sijui kutembea bado," Issa akalalamika.

"Chini kuna bonde. Ni asubuhi, jua liko chini, kivuli changu kirefu mpaka kwenye majani."

"Majani yanatikisika?" Fundi akauliza. "Moja moja, au yote kwa pamoja?"

Deo akasogeza uso karibu na skrini. "Moja moja."

"Vizuri. Na picha, ukigeuka haraka, inachechemea?"

Deo akageuka kulia, akageuka kushoto. Tukatazama wote, hata Mwalimu.

"Haichechemei, Fundi. Imetulia."

Fundi Nassoro akaegemea kile kiti cha mto, akaviacha viganja vyake vifunguke mapajani. "Kule mbele, ng'ambo ya bonde, kuna nini?"

"Kuna mto."

"Usiishie hapo," akasema. "Nieleze na huo mto."